Mashine ya kupima zebaki bila tindikali: maoni ya fundi wa manyoya ya ndege wa baharini

Wenzangu wa maabara za pwani huniuliza kama mashine ya kupima zebaki kwa kuchoma sampuli inastahili bei yake. Kampuni kadhaa zinaitengeneza na kanuni ni moja, kwa hiyo nazungumzia aina, si chapa. Kwa kazi yangu ya kupima manyoya ya ndege wa baharini, yanayoonyesha zebaki iliyomo katika samaki wanaowala, inastahili.

Kwa njia ya zamani, unyoya unayeyushwa kwanza kwa tindikali ya nitriki: mvuke unaochoma macho, chupa za kuosha upya, na taka ambayo kila mtu anaikwepa. Kwa mashine hii nauosha unyoya kwa asetoni na maji yaliyochujwa madini, naukausha, naukatakata kwa mkasi, napima miligramu chache kwenye kijisahani cha nikeli, basi. Mashine inauchoma ndani ya oksijeni, moshi unapita kwenye kichocheo (bomba lenye kemikali zinazousafisha), na zebaki inanaswa na dhahabu. Dhahabu ikipashwa moto inaiachia kwa mkupuo, nayo inapimwa kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 253.7. Dakika kama 6 hivi, jibu limetoka. Wachimbaji wadogo wa Geita wanaujua vizuri mvuto huo wa zebaki na dhahabu, na wanaulipia kwa afya zao.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba sampuli ndogo inatosha, kwa hiyo hatuui ndege. Unyoya unapoota, damu inauletea zebaki, nayo inashikamana na salfa iliyomo kwenye keratini, protini inayounda unyoya. Ukishakomaa, mshipa unafunga na kilichoingia kinabaki humo. Unyoya wa kinda ndio wenye thamani kubwa kwangu. Buabua, ndege wa baharini, akishakuwa mkubwa huenda manyoya yake yaliotea mbali sana, lakini kinda wa Fungu Mbaraka, kisiwa kidogo cha pwani ya Tanzania, amelishwa samaki waliovuliwa na wazazi wake kwenye bahari inayokizunguka kisiwa, bahari ileile wanakoenda wavuvi wetu kutafuta jodari. Kwa ndege wakubwa nachukua manyoya kadhaa ya mwilini na kuyachanganya. Ya mbawa hutofautiana mno, kwa kuwa yale ya kwanza kuota hubeba zebaki nyingi kuliko yanayofuata. Watafiti wa Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi, walichapisha vipimo vya manyoya ya ndege wao mwaka 2007. Natamani sana pwani yetu nayo iwe na vipimo vya miaka mfululizo, maana hao jodari ndio wanaolisha watoto wetu.

Sasa kero. Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, sampuli imekwenda. Nunueni stebilaiza na betri ya akiba pamoja na mashine. Bomba la kichocheo huchakaa, na la kubadilisha linatoka ng'ambo, hivyo liagizwe siku ileile. Ukipitisha sampuli yenye zebaki nyingi, pitisha visahani vitupu mpaka mabaki yaishe, la sivyo unyoya unaofuata utasingiziwa. Kwa kuhakiki vipimo natumia unga wa nywele za binadamu wenye kiwango kilichothibitishwa. Nywele ni keratini kama unyoya, kwa hiyo nauamini kuliko unga wa samaki ambao wauzaji hupenda kuutoa.

Mjue pia kwamba inapima zebaki peke yake. Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, hujikusanya kwenye figo na ini, na madini ya risasi hujipaka juu ya unyoya kutoka kwenye vumbi. Hizo zinataka vifaa vingine na uangalifu mwingine. Na inatoa jumla ya zebaki, bila kutenganisha aina. Kwa unyoya mbichi hilo halinisumbui, kwa kuwa karibu yote ni methili-zebaki, yaani zebaki iliyoungana na kaboni, ile inayotoka kwenye samaki. Ndege wa makumbusho ni habari nyingine, maana zamani wengi walihifadhiwa kwa chumvi za zebaki. Ndiyo maana watafiti Monteiro na Furness, walioonyesha kwa manyoya ya ndege wa makumbusho mwaka 1997 jinsi zebaki ilivyoongezeka katika Atlantiki ya Kaskazini kwa zaidi ya karne, walipima methili-zebaki. Ndege wa namna hiyo wakipimwa kwa mashine hii peke yake, jibu litakuwa la uongo.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Kabla ya kusaini, mkataba useme fundi wa muuzaji atakuja kufundisha hapahapa kwenu, na awamu ya mwisho ya malipo isubiri mpaka mafundi wenu waweze kubadilisha bomba la kichocheo wenyewe.