Kupokezana Uongozi au Duara la Fasihi: Mtoto Aanzie Wapi?

Ufundishaji wa kupokezana, njia ya kufundisha ufahamu wa kusoma iliyoelezwa na watafiti Annemarie Palincsar na Ann Brown nchini Marekani mwaka 1984, humweka mwanafunzi mmoja katika nafasi ya mwalimu kwa aya chache, akiwaongoza wenzake kuuliza maswali, kufafanua palipo na utata, kufupisha na kubashiri yajayo, kisha humpisha mwingine. Mwalimu huonyesha mfano kwanza, halafu hujiondoa kidogo kidogo. Duara la fasihi, ambalo Harvey Daniels, mwalimu na mwandishi wa Marekani, alilieneza katika miaka ya 1990, hukusanya wanafunzi wanne au watano waliochagua kitabu kimoja, kila mmoja akiwa na jukumu lake, kama vile kuuliza, kuchora au kuteua vifungu.

Kwa watoto wa darasa la tatu au la nne, ambao wengi bado wanahangaika na maana ya sentensi, ningeanza na kupokezana, kwa kuwa hakuna anayeachwa nyuma kimyakimya, na kifungu kimoja kilichoandikwa ubaoni kinatosha, jambo lenye uzito mkubwa katika darasa la wanafunzi 60. Hata hivyo, mtoto anaweza kufupisha sura nzima bila kusema kama mhusika alitenda haki. Hapo ndipo duara lina nguvu zaidi, mradi majukumu yasigeuke fomu za kujazwa, hatari ambayo Daniels mwenyewe alionya kuihusu baadaye. Anayesoma jibu lake kwenye karatasi hamsikilizi mwenzake. Kwa hiyo karatasi hizo ziondolewe mara tu wanafunzi wanapoweza kuulizana bila kuzitazama.