Uzoefu wangu: Corolla AE100 ilikuwa inazima hovyo, nusura ninunue kontrol boksi (kompyuta ya injini), kumbe ni pini moja

Nina Corolla AE100 ya 1994, injini 5A-FE, niliinunua kwa baba mdogo na nimeitembelea miaka sita bila presha yoyote. Masika ya mwaka jana ndo ikaanza vituko. Asubuhi inawaka vizuri tu, ukifika foleni ya Ubungo sailensi (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inapanda inashuka mwisho inazima, nyuma moshi mweusi, mafuta inakunywa kama lori, halafu taa ya injini ukipita tuta inawaka, tuta linalofuata inazimika yenyewe kama inakutania.

Gereji ya kwanza (siitaji jina) wakaja na mashine ya kupima, haikusoma kitu maana gari ya umri huu haina soketi ya OBD2 ya kuchomeka mashine hizo, basi wakaanza kubahatisha kwa hela yangu. Plagi mpya, sensa ya throto (mlango wa hewa ya injini) mpya, laki na ishirini hiyo imeondoka. Wiki haijaisha shida ileile. Nikarudi wakaniambia kontrol boksi imekufa, katafute used kwenye maduka ya spea ya Gerezani, kama laki tatu na nusu hivi. Nilishaanza kumpigia shemeji kuomba anikopeshe.

Jirani yangu akanipeleka kwa fundi umeme mmoja huko Tabata, kijana mdogo nikawa na wasiwasi kwakweli. Hakushika hata spana. Akafungua kile kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS kwenye boneti, akachukua kipande cha waya akaunganisha matundu ya TE1 na E1, akaweka swichi on, tukakaa wote tunahesabu taa ya injini inavyopepesa. Mbili, mbili. Tatu, moja. Nne, moja. Yaani namba za makosa: 22 sensa ya joto la maji, 31 sensa ya vakyumu (mvuto wa hewa kwenye injini), 41 throto, ile ile niliyotoka kuinunua! Jamaa akacheka. "Bosi, sensa tatu hazifi siku moja, hawa wanakula sahani moja."

Sahani yenyewe ni waya unaitwa E2, ndo hasi ya hizo sensa zote inayorudi kwenye kontrol boksi, sasa ukiwa haushiki vizuri sensa zote zinatoa taarifa za uongo, boksi inadhani injini bado ya baridi inaendelea kumwaga mafuta. Akaweka mita, ncha moja kwenye hasi ya betri nyingine akaichomeka kwa nyuma ya soketi kwenye E2, injini inaunguruma, ikasoma volti 0.8. Akasema hapo inatakiwa iwe karibu na sifuri. Akitikisa waya namba zinaruka ruka na gari inatetemeka papo hapo.

Akatoa terminal ya betri, akaingia chini ya dashibodi upande wa abiria, kuinua karpeti aisee maji. Kumbe bomba la kutolea maji ya AC limeziba, maji yote yanarudi ndani, na mimi nilikuwa namlaumu mtoto kumwaga juisi. Soketi kuchomoa imeota kutu ya kijani kama koki ya zamani. Kuna kitu alifanya sitakisahau, alikuwa na pini moja kaing'oa kwenye boksi bovu, akawa anaichomeka tundu moja baada ya jingine akiivuta kidogo kusikilizia, zote zinabana, kufika E2 ikadondoka yenyewe kwenye karpeti.

Basi akabadilisha ile pini ya E2 ndani ya soketi kwa nyingine ya soketi chakavu, akailehemu na kuifunika na kile kimpira kinachonywea kwa moto, zilizobaki akapuliza kontakti klina (sprei ya kusafishia soketi za umeme) na kusugua na mswaki laini, akaacha zikauke kabisa. Mimi nilikuwa nimebeba sprei ya kulegezea nati nikidhani nasaidia, akaikataa, akasema inaacha mafuta yanayokamata vumbi. Bomba la AC akalipuliza na upepo wa kompresa likatoka tope na majani. Mwisho akatoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kumwaga mafuta kwenye injini) kufuta zile namba za makosa za zamani.

Kazi yote elfu sabini, kontakti klina humo humo. Malalamiko yapo, alisema nusu siku ikawa siku mbili, simu akawa hapokei, risiti hana. Ila kazi yake safi, na ile sensa yangu ya zamani ya throto akaipima mbele yangu nzima kabisa, sasa hivi iko kwenye droo imekaa kama spea ambayo sikuihitaji.

Mpaka leo haijazima hata mara moja, wese limerudi kama zamani na masika mengine yamepita. Kilichobaki ni harufu ya karpeti, hiyo nimeanika wikiendi tatu bado inanuka kama kitambaa cha deki, mwenye dawa yake aniambie.