Uzoefu wangu na redio za mazungumzo za Mombasa: shule, biashara na historia ya mji

Kwa mzazi au mfanyabiashara mdogo wa Mombasa, kipindi cha mazungumzo cha redio ya hapa hapa mjini bado kina faida kubwa kuliko gharama yake, ambayo ni betri mbili tu. Nimevisikiliza vipindi hivi kwa muda mrefu, vya asubuhi na vya jioni, vya vituo zaidi ya kimoja. Sitaji kituo chochote, kwa sababu mazuri na mapungufu nitakayoyaeleza yamegawanyika baina yao. Kipimo changu ni kimoja: ukishazima redio, umebaki na habari ya kutumia, ama umebaki na kelele?

Sehemu ya shule ndiyo ninayoipa alama za juu, hasa Desemba na Januari. Mtihani wa KJSEA, ule wa mwisho wa Gredi 9, ulifanywa mara ya kwanza 2025, na wazazi wengi bado wanahesabu kwa KCPE, ile ya darasa la nane ya alama 500 iliyomalizika 2023. Mtu anapiga simu na kuuliza, "Mwanangu kapata ngapi kwa mia tano?" Mtangazaji anayeijua kazi yake hamcheki, wala hamkimbilii mwanasiasa amjibie. Anaitoa hesabu polepole, kisha anairudia: masomo tisa, kila somo lina viwango vinane vya pointi 8 hadi 1, kwa hivyo jumla ya juu kabisa ni 72. Matokeo yanayotumika kumpeleka mtoto Gredi 10 si ya karatasi za mwisho peke yake: hizo ni asilimia 60, kazi za shuleni za Gredi 7 na 8 ni asilimia 20, na mtihani wa KPSEA wa Gredi 6 ni asilimia 20. Halafu anaingia kwenye mikondo mitatu, yaani STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Akishafika hapo, mzazi wa Jomvu anaweza kukaa na mwanawe wakazungumza jambo linaloeleweka. Dakika kumi za namna hiyo zimenifaa kuliko makala mengi niliyoyasoma.

Wanapokosea ni kwenye basari. Tangazo linasomwa hivi: "Fomu za basari zimetoka, wazazi wachukue mapema." Zimetoka wapi? Mombasa ina maeneo bunge 6 na wadi 30. Fedha za NG-CDF, mfuko wa serikali ya kitaifa wa maendeleo ya maeneo bunge, hugawanywa kwa eneo bunge, na za kaunti kwa kawaida hupitia kwenye wadi. Mzazi wa Bamburi akisikia tangazo la Likoni, anapoteza nauli na siku ya kazi. Tangazo la basari lisilotaja mfuko, eneo, ofisi, siku ya mwisho na karatasi za kubeba halijakamilika, na linastahili kupigiwa simu papo hapo kuulizwa yaliyobaki. Mimi huandika vitu hivyo vitano kwenye daftari kabla ya tangazo kusomwa, nikiweka alama kila kinapotajwa. Mara nyingi hubaki viwili bila alama.

Kuna kosa jingine dogo linalowagharimu watu sana, nalo ni saa. Taarifa ya mkutano wa wazazi au ya kikao cha maoni ya umma huja imeandikwa kwa Kiingereza, "10.00", na mtangazaji mwenye haraka anasoma "saa kumi". Aliyekusudiwa kufika saa nne asubuhi anatokea saa kumi jioni na kukuta viti vimeshakunjwa. Ukisikia saa bila "asubuhi" au "jioni", usiiamini. Uliza.

Kwenye biashara, bei za sokoni husomwa karibu kila asubuhi, za Kongowea kwa jumla na za Marikiti kwa rejareja. Ni huduma nzuri, lakini bei bila kipimo haina maana. Gunia la viazi "shilingi kadhaa" ni gunia gani? Kanuni za viazi za 2019 zinasema kilo 50, lakini lumbesa, lile gunia lililoongezwa shingo kwa wavu, halijaisha sokoni. Kreti ya nyanya nayo hutofautiana kwa ukubwa na kwa namna ilivyofurishwa juu. Mama wa kibanda anayenunua kwa kreti na kuuza kwa fungu akichukua bei ya redio bila kujua kipimo, hesabu yake ya faida imeharibika kabla hajatoka nyumbani. Vipindi ninavyoviamini ni vile vinavyompigia simu mtu aliyepo sokoni saa kumi na mbili asubuhi, akataja kipimo, akasema mzigo umetoka wapi na malori mangapi yameingia. Mvua ikikata barabara, huyo ndiye anayekwambia kwamba bei ya leo si ya kesho.

Mambo ya bandari wanayajadili vizuri kuliko redio za Nairobi, na sababu iko wazi: anayepiga simu ndiye dereva wa lori mwenyewe, au karani wa ofisi ya kutoa mizigo. Mwaka 2019 lilipotoka agizo la kupeleka makontena ya Nairobi kwa reli mpya ya SGR, Mombasa iliona wenye malori, wauza vipuri na mama lishe wa kandokando ya barabara kuu wakiumia pamoja, na watu wakaandamana. Septemba 2022 agizo la kurudisha utoaji wa mizigo Mombasa likatolewa. Mjadala wa hewani uliokuwa na maana ulikuwa ule uliokaa kwenye gharama za kontena moja, kutoka gati hadi ghala. Hapo wasikilizaji huchanganya sana bili mbili: ya kuhifadhi mzigo, inayodaiwa na bandari au kituo cha makontena siku za bure zikishapita, na ya kuchelewesha kurudisha kontena tupu, inayodaiwa na kampuni ya meli. Watu huziita zote "demaraji". Ukilipa moja hujalipa nyingine. Mtangazaji akiliacha hilo lipite, mjadala mzima unageuka lawama kwa mtu asiyehusika.

Jihadhari na vipindi vilivyolipiwa. Dalili zake ni hizi: mgeni haulizwi swali gumu, namba moja ya simu inarudiwa kila baada ya dakika chache, na simu za wasikilizaji zote ni za kushukuru. Hivi ndivyo viwanja na nyumba vinavyouzwa. Hapa Mombasa kuna swali moja ambalo sijawasikia watangazaji wakiliuliza vya kutosha: kinachouzwa ni nyumba na ardhi, ama nyumba peke yake? Majengo, Kisauni na kwingineko, mtu anaweza kumiliki nyumba huku ardhi chini yake ni ya mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Chanzo kimoja kikubwa ni sheria ya hati za ardhi ya Pwani ya 1908. Mwenye kudai ardhi alitakiwa kuandikisha dai lake, na ambayo haikudaiwa ikaingia mikononi mwa serikali ya kikoloni. Waliokuwa mbali na ofisi na karatasi wakabaki kujenga juu ya ardhi yenye jina la mtu mwingine. Kabla ya kutoa hata shilingi ya kushika nafasi, omba namba ya hati na ukafanye upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi. Mgeni wa redioni akikataa kuitaja namba hiyo hewani, umeshapata jibu lako.

Historia ndiyo sehemu ninayoipenda na inayonikera kwa pamoja. Redio ya mji ina kitu ambacho kitabu hakina: ukikosea, mtu aliyekuwepo anakupigia. Mtangazaji anasema zile pembe kubwa za ndovu zinazovuka barabara ya Moi Avenue zilijengwa kwa kutawazwa kwa Malkia. Haipiti robo saa, mzee yuko kwenye simu: "Mwanangu, hiyo ilikuwa Kilindini Road. Za kwanza ziliwekwa 1952, ziara ya Elizabeth akiwa bado binti mfalme. Hizi za alumini unazoziona ni za 1956, alipokuja dadake, Margaret." Tahajia ya kitabuni huipati, lakini unapata jina la zamani la barabara, mpangilio wa matukio, na mtu wa kumuuliza zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa Salim Road, ambayo leo ni Digo Road. Kijana anayesoma barua za babu yake asipojua majina haya, hawezi kuzifuata kwenye ramani.

Kipindi bora nilichokisikia kilichukua taasisi moja na kuifuata mwanzo hadi mwisho. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho wengi wetu bado tunakiita Poli, kilianza kama MIOME, chuo cha elimu ya ufundi kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, kikaanza kufundisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa michango iliyomhusisha Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya ufundi, 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu. Mabadiliko hayo ya majina yamebeba habari za nani aliruhusiwa kusoma, bandari ilihitaji mafundi wa aina gani, na fedha zilitoka wapi. Hapo shule, biashara na historia zinakuwa mazungumzo mamoja, na hakuna redio ya mbali itakayokufanyia kazi hiyo.

Kinachokera ni Ngome ya Yesu kila wiki. Ngome ni muhimu, sibishi: ilianza kujengwa 1593, ikazingirwa na Waomani miezi 33 kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, ikafanywa gereza na Waingereza kutoka 1895 hadi 1958. Lakini mgomo wa Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waliposimamisha bandari, reli, hoteli na kazi za majumbani, unapewa dakika tano kwa mwaka ukibahatika. Chege Kibachia, aliyeongoza shirikisho la wafanyakazi lililozaliwa na mgomo huo na kisha akafungiwa Kabarnet, vijana wa Majengo hawamjui, ilhali mikutano ilikuwa kwao. Mkasa wa feri ya Mtongwe wa tarehe 29 Aprili 1994, uliochukua roho 272, unakumbukwa vizuri zaidi kwa sababu jamaa wa marehemu bado wanapiga simu. Wa 1947 waliobaki ni wachache mno. Natamani wahariri wa vipindi walione hilo kama jambo la haraka.

Sasa usikivu. FM husafiri karibu kama mwanga, kwa mstari ulionyooka. Zege na kuta nene za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale huikata. Weka redio karibu na dirisha, nyosha antena yote. Ukisikia mvumo "shhh", badili kutoka stereo hadi mono. Mazungumzo hayapungui chochote na mvumo hutulia. Ukisikia mlio wa "zzz" usiokatika, chomoa chaja za simu na uzime balbu za LED moja moja hadi mlio ukome: mara nyingi ni kifaa cha bei rahisi kisichozuia mawimbi yake. Kwenye simu yenye redio, waya wa sikioni ndio antena, usiuviringe mfukoni.

Kwa intaneti, matangazo ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban megabaiti 29 kwa saa, na ya 128 mara mbili yake. Chagua ya chini, sauti ya mtu haihitaji zaidi. Ila kumbuka kwamba matangazo ya mtandaoni huchelewa, aghalabu nusu dakika hadi dakika nzima. Kwa hivyo ukipiga simu studio, zima redio kabisa, usiipunguze tu. Ile "Msikilizaji, punguza redio yako" unayoisikia kila siku inatokana na sauti yako kutoka kwenye spika, kurudi kwenye simu yako na kuanza kupiga mbinja. Na ukijisikiliza kwa mtandao utakuta unajibu swali lililopita. Sikiliza kupitia simu yenyewe. Anza na jina la mtaa, sema jambo lako kwa sentensi mbili, kisha uliza. Kwa ujumbe mfupi, angalia gharama kabla ya kutuma: namba fupi nyingi hukata zaidi ya SMS ya kawaida.

Mwisho, rekodi mwenyewe. Vituo nilivyoviulizia nakala za vipindi vya historia havikuwa na vya miaka michache tu iliyopita. Tumia redio ya simu yenye kitufe cha kurekodi, au weka simu ya pili hatua moja kutoka kwenye spika, mbali na feni. Anza kurekodi dakika mbili kabla, kwa sababu jina la mgeni hutajwa mwanzoni na halirudiwi. Hifadhi faili kwa mpangilio huu: mwaka, mwezi, siku, mtaa unaozungumziwa, mada. Andika pembeni dakika ambayo kila mzee anaanza kusema, na hakikisha nakala ya pili iko nje ya simu hiyo.