Uzoefu wangu na Singer ya shangazi, kutoka Wete mpaka Jang'ombe

Niseme mapema, mie si fundi wa vyerehani, mie nashona tu. Nipo Jang'ombe hapa Unguja, nashona yunifomu za skuli, foronya, mapazia, madera ya kushindia nyumbani na kupinda kanga za watu. Naandika hii kwa sababu kila anoingia ukumbini akaiona cherehani yangu ya Singer ya kukanyaga anauliza umeitoa wapi, kaitengeneza nani, shilingi ngapi, na mie nimechoka kuhadithia, wacha nihadithie mara moja tu.

Nilikuwa na cherehani ya umeme, ya plastiki, nyepesi, nilinunua mpya 350,000 na nilikuwa naipenda kweli kwa sababu ina zigizagi na inashona haraka. Haikumaliza miaka miwili. Siku moja napinda suruali ya jinsi ya mtoto wa jirani nikasikia kah! ndani, sindano ikasimama na mota inaunguruma peke yake. Kufungua, kigia cha plastiki kimemeguka meno matatu, na dukani nilikonunua wananambia kipuri chake hakiji, ninunue nyengine. Haya.

Mwezi ule ule tukenda Pemba harusini, Wete kwa shangazi yangu. Chumba cha uani naona kimeza kimefunikwa shuka, juu yake pana TV ya zamani ile yenye kisogo, na madumu mawili ya mafuta. Nikaona miguu ya chuma ile yenye maua maua inachungulia chini ya shuka. Nikamwambia, "Shangazi, hii si cherehani hii?" Akasema ndio cherehani yangu hiyo mwanangu, imeshakufa zamani, mie naweka TV.

Hii cherehani kwetu ina historia. Marehemu bibi aliinunua kwa mkono wa pili, kwa pesa za karafuu, msimu uliokuwa mzuri, ila hakuna anayekumbuka mwaka gani. Shangazi akaitumia baada yake. Tena alikuwa akitwambia wakati wa lile giza la miezi mitatu, Disemba 2009 kuingia Machi 2010, umeme umekatika Unguja nzima, yeye alikuwa Unguja kwa mwanawe na kaichukua cherehani yake, na Januari skuli zinafunguliwa, mafundi wenye mashine za umeme wamekaa barazani wanapiga soga na yeye anakanyaga tu, watu wamejipanga na vitambaa mkononi. Halafu akarudi nayo Pemba, macho yakaanza kumsumbua, akaifunika. Ndio hivyo, miaka zaidi ya kumi chini ya TV.

Akanipa. Sikumpa bei, nilimpa 100,000 mkononi nikamwambia ya kununulia sukari, akacheka.

Kusafirisha ndio shughuli. Kichwa nikakifungua (skrubu mbili nyuma, kinainuka kwenye bawaba), nikakifunga kwenye mfarishi mzee, na miguu ya chuma peke yake. Msidharau uzito, kichwa peke yake kinapita kilo kumi na ni chuma tupu. Gari mpaka bandari ya Mkoani, boti mpaka bandari ya Malindi hapa Unguja, hamali na gari lake mpaka nje ya bandari, jumla kwenye 45,000 pamoja na nauli yangu. Meza ya mbao tuliiacha, mchwa walishaila upande mmoja.

Sasa fundi wa mwanzo. Simtaji na wala sisemi yuko wapi. Nilimpelekea kichwa, akazungusha gurudumu, halikuzunguka, hakufungua hata skrubu moja, akasema imekufa hii, shafti imegandana, ukitaka nakupa 20,000 nikauze chuma chakavu. Mie nikakaribia kukubali wallahi. Kilichoniokoa ni kwamba nilisema wacha nifikirie, nikarudi nayo. Wiki mbili baadae ndio nikajua hakuna kitu kilichovunjika ndani ya cherehani ile. HATA KIMOJA. Ilikuwa chafu tu.

Nilivyofanya ni hivi. Nikafungua kile kibati cha upande wa kushoto, nikalaza kichwa nikafungua na chini, nikapiga picha kila hatua kwa simu (fanyeni hivi jamani, skrubu zinafanana lakini hazifanani). Ndani pamejaa kitu cha rangi ya asali iliyoungua, kigumu, ukikwaruza kwa kucha kinatoka kama gundi. Nikampigia shangazi, nikamuuliza ulikuwa ukitia mafuta gani, kimya kidogo, halafu akasema "mafuta ya cherehani yakikosekana nilikuwa natia ya kupikia." Basi ndio hiyo shafti iliyogandana. Mafuta ya kupikia yakikaa yanakauka yanakuwa gundi, na vumbi la vitambaa likiingia humo ndio simenti.

Dawa yake mafuta ya taa. Tone moja moja kila tundu na kila mahali chuma kinaposugua chuma, kwa mswaki mkuukuu, naacha mpaka kesho, najaribu kulisukuma gurudumu bila kutumia nguvu, natia tena. Siku ya tatu nikapuliza na draya ya nywele ya mdogo wangu, joto likalainisha ile gundi, na usiku gurudumu likacheza kama inchi moja mbele na nyuma. Nilipiga vigelegele peke yangu. Lakini likawa linakwama pale pale kila mara, na hapo ndipo nikafungua sehemu ya bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini) nikakuta uzi mweusi umejisokota nyuma ya kile chuma kinachochezacheza, umekazana kama waya. Nikautoa kwa kibanio cha nyusi. Gurudumu likazunguka mzunguko mzima. Baada ya hapo mafuta ya cherehani tu, yale meupe ya kichupa kidogo, na nikaizungusha bure bila uzi karibu saa nzima, uchafu mweusi unatoka chini nafuta, unatoka nafuta.

Makosa yangu mawili, msirudie. La kwanza nilitaka nakshi za dhahabu zing'are nikafuta na spiriti. Usifute na spiriti! Juu ya rangi nyeusi ya vyerehani hivi pana vanishi ya kizamani na spiriti inaiyeyusha, nikaona kitambaa kimekuwa cha manjano na herufi ya mwisho kwenye neno SINGER ikaondoka nusu. Sasa inasomeka SINGEP. Kitambaa laini na tone la mafuta ya cherehani kinatosha kabisa. La pili nilisugua kutu kwa ule waya wa kusugulia sufuria na nikapitiliza mpaka kwenye rangi, pana mikwaruzo mpaka leo. Kutu yenyewe ipo, hapa kwetu hewa ya bahari haikisamehe chuma, lakini ilikuwa ya juu juu.

Kwenye kichwa, upande wa kulia chini, pana namba iliyogongwa kwenye chuma. Yangu inaanza na herufi Y. Nikaja kujua kwamba namba za Y zilitolewa kwenye kiwanda cha Singer cha Clydebank, kule Scotland, kuanzia 1922 mpaka 1935, kwa hiyo hii cherehani ina miaka tisini na kitu, au mia na kidogo. Aina yake ni 15K, na hiyo K ni ya Kilbowie, mtaa kilipokuwa kiwanda. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1980 na kikavunjwa, lakini mpaka leo pana stesheni ya treni pale inaitwa Singer. Mie nilicheka, stesheni ya treni ina jina la cherehani ya shangazi.

Kwa nini nakwambieni aina? Kwa sababu hapo ndipo penye faida. Zile cherehani za Butterfly za Kichina zilizojaa kila kibaraza cha fundi zimeigwa kwenye hii hii 15. Kwa hiyo bobini yake, kikopo cha bobini, sindano, mguu wa kukandamizia kitambaa, vyote soko la Darajani vipo na bei ya kawaida. Bobini tano 2,500, kikopo kipya 4,000, paketi ya sindano 2,000. Mkanda wa ngozi 7,000 na kile kipini chake cha waya, ukate mfupi kidogo kwa sababu unavutika. Kimpira cha kuzungushia bobini kilikuwa kigumu kama jiwe, nikaenda kwa mafundi wa pikipiki wakanipa oringi ya shilingi mia tano, imekaa sawasawa. Linganisha na ile yangu ya plastiki ya juzi juzi ambayo kigia chake hakipatikani dunia nzima.

Meza nikatengenezewa na seremala, mbao ya mfenesi, 70,000. Hapa sina malalamiko isipokuwa alisema siku tatu zikawa wiki tatu, lakini huyo ni seremala, ndivyo walivyo.

Nikaunganisha kila kitu, nikatia uzi, nikakanyaga, haishoni. Inaruka mishono, inakata uzi, chini inafanya kama kiota cha ndege. Jioni nzima! Nikabadilisha uzi, nikabadilisha sindano, nikakaza nikalegeza, nikalia kidogo pia. Kesho yake nikamwita mzee mmoja wa mtaani aliyekuwa fundi wa makoti zamani, nikamwamkia, akakaa, hakugusa kitu, akatazama tu. Akasema, "Bibi, sindano umeitia vibaya, bapa inatazama nyuma." Kumbe kwenye hii 15 ule upande bapa wa sindano unatazama kushoto na uzi unaingia kutoka kulia kwenda kushoto, na mie nilikuwa nimezoea ile ya umeme ambayo bapa inakwenda nyuma. Akaigeuza. Ikashona. Akanifundisha na kutazama kitambaa juu na chini ndio nijue nikaze wapi, hakutaka pesa, nikampa kahawa na visheti na baadae nikamshonea kanzu bure.

Haya sasa vipi kuitumia, nina miezi saba nayo.

Kitambaa cha jinsi cha mikunjo minne kinapita kama inashona shuka. Mshono wake umenyooka, mdogo, umekaza, wateja wa yunifomu wanaona tofauti wenyewe. Umeme ukikatika mie sijui hata kama umekatika mpaka giza liingie. Haina kelele, ina ule mlio wa tiki tiki tiki, mtoto analala pembeni yake. Na kukanyaga ukishazoea mikono yote miwili iko huru kwenye kitambaa.

Mabaya yapo. Hii yangu ni ya zamani sana haina kurudi nyuma, mwisho wa mshono unageuza kitambaa au unafunga uzi kwa mkono, na inachosha ukiwa na foronya ishirini. Zigizagi hakuna, kitambaa cha kuchambuka lazima upinde mara mbili au upeleke kwa mwenye ovaloki (mashine ya kufunga kingo). Shifoni ya mitandio inajikunja, natia karatasi chini ndio inakubali. Wiki mbili za mwanzo gurudumu likikuendea kinyume uzi unakatika, na litakuendea kinyume tu mpaka mguu ujue. Mafuta kila Ijumaa, ukisahau inakwambia kwa sauti. Na kuihamisha usiku ukitaka kupanga ukumbi upya, sahau, mpaka uite vijana.

Hesabu yangu yote na sukari ya shangazi, usafiri, seremala na vipuri imefika 231,000 hivi. Nafuu kuliko ile ya plastiki, lakini nimetumia karibu miezi miwili ya jioni zangu, hiyo nayo ihesabuni. Ukiwa unataka kitu cha kesho asubuhi, nunua Butterfly tu, hutojuta. Ukiikuta kama hii kwa bibi yako imekwama, usikubali kuambiwa imekufa na mtu ambaye hakufungua skrubu.

Foronya mbili za mwanzo nilimpelekea shangazi Wete, na mtu aliyekuwa anakwenda. Macho hayaoni vizuri sasa, akapitisha kidole kwenye mshono kutoka mwanzo mpaka mwisho, halafu akanipigia simu. Nilidhani atanishukuru. Akasema, "Mwanangu, uzi wa chini umekaza kidogo. Legeza kile kiskrubu cha kwenye kikopo, robo tu."

Nikalegeza robo. Kweli, alikuwa sahihi.