Kamba ya kupandia miti: ununue ipi kwanza, ipi uiache dukani

Anayeanza kazi ya kupogoa na kuangusha miti kwa malipo kwa kawaida hana hela ya kununua vifaa vyote kwa mkupuo, na hela ya kwanza huishia kwenye chenso. Sisi tunaanza na kamba. Chenso mbovu itakuchelewesha kazi. Kamba mbovu inakushusha kabla hujamaliza kupanda.

Orodha hii ni ya mtu anayepanda kwa mtindo ulioenea zaidi: kamba inapita juu ya panda imara ya mti, ncha moja imefungwa kwenye mkanda wa kiunoni, na upande wa pili umeshikwa na fundo linaloteleza ukilisukuma na kukaza ukiliachia. Ukivuta mita 2 za kamba, mwili unapanda mita 1. Kwa hiyo urefu wa kamba ni mara mbili ya pale unapoitundika, na ziada kidogo. Mkaratusi unaoufikia kwenye mita 20 unataka kamba ya mita 45. Usinunue ya mita 30 kwa sababu ni nafuu, kwani utajikuta unaning'inia na ardhi bado iko mbali. Ncha ya chini ifungwe fundo nene la kuzuia, kila siku, hata kama kamba ni ndefu.

1. Kamba ya polista ya nyuzi 16, unene wa milimita 12.7 hadi 13

Hii ndiyo ya kwanza kununua, na wengi hawatahitaji nyingine kwa miaka. Mfano unaojulikana ni Arbor-Master ya Samson. Uzito wako unabebwa zaidi na ganda la nje lililosukwa kwa nyuzi nene 16. Kiini cha ndani kazi yake kubwa ni kuifanya kamba ibaki mviringo. Ganda nene linavumilia magome makavu, linajaza kiganja, na mafundo ya kawaida yanashika na kuachia bila ugomvi. Ubaya wake unatokana na hapohapo: msumeno wa mkono ukikata nyuzi mbili tatu za ganda, umekata sehemu inayokubeba. Kipande hicho hakina dawa, kata utupe.

Kiwango cha Marekani cha kazi hii, ANSI Z133, kinataka kamba ya kupandia iwe na unene usiopungua milimita 12.7 na ihimili kilonyutoni 24, sawa na kilo 2,450 hivi. Kinaruhusu milimita 11 kwa masharti tu. Namba hiyo isikupe kiburi. Kila fundo linaipunguzia kamba nguvu kwa kiasi kikubwa, na kona kali ya tawi nayo inachukua sehemu yake.

2. Kamba ya nyuzi 24, milimita 11.7 hivi

Blue Moon ya Yale ni ya kundi hili. Ni nyepesi, laini, na ganda na kiini vinagawana mzigo. Tumeiweka ya pili kwa sababu moja: ni nyembamba, hivyo fundo huikaba zaidi na viganja vya mgeni huchoka mapema. Ikiwa tayari una mpango wa kununua kifaa cha chuma badala ya fundo, ipandishe iwe ya kwanza kwenye orodha, kwani vifaa hivyo vina mipaka ya unene. Zigzag ya Petzl, kwa mfano, inataka kamba ya milimita 11.5 hadi 13. Kuweka ya milimita 10 kwa kuwa "inaingia" ni kujitafutia kuteleza.

3. Kamba isiyovutika, EN 1891 aina A, milimita 11

Hapa kiini ndicho kinachobeba na ganda ni kinga. Kiwango cha Ulaya kinataka aina A ihimili kilonyutoni 22, na isirefuke zaidi ya asilimia 5 mzigo unapoongezwa kutoka kilo 50 hadi 150. Ni nzuri mno kwa kupanda kwa kamba moja iliyotulia, yaani kamba imefungwa haisogei nawe unapanda juu yake, hasa miti mirefu isiyo na matawi chini. Kwa mtindo wa mwanzo, ambapo kamba inazunguka juu ya panda, ni ngumu, na nyingine ganda lake huhama juu ya kiini mpaka ncha inabaki soksi tupu.

Jambo moja huwaponyoka wanaohamia mtindo huu. Ukifunga kamba kwenye shina chini, ikapita juu ya tawi kisha ukaning'inia upande wa pili, tawi linabeba karibu mara mbili ya uzito wako. Mtu na vifaa vyake wakiwa kilo 90, tawi linabeba kama 180. Mvinje wenye tawi kavu hautakuonya.

4. Kamba ya wapanda milima

Imetengenezwa ivutike ili imdake anayeanguka. Kiwango chake kinaruhusu irefuke hadi asilimia 10 kwa mzigo wa kilo 80. Juu ya mti, ukiwa na msumeno mkononi, kuyumba juu chini ndicho kitu usichokitaka. Ukipewa bure, ishushie matawi mepesi.

Usiguse: katani na kamba za plastiki za duka la ujenzi

Katani ya Tanga ni fahari, lakini kazi yake ni kufunga mizigo. Ikilowa, inaoza ndani huku nje ikionekana nzima. Ile ya plastiki ya bluu au njano ni mbaya zaidi, maana huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi, wakati polista inafika karibu 255. Msuguano wa fundo ukishuka kwa kasi unatosha kuiharibu.

Na kushuka kwa kasi hutokea. Anayepogoa mwembe au mkorosho pwani anajua sisimizi wakali waitwao maji moto wakivamia shingo hakuna mjadala. Ndiyo maana hatushauri fundo lifungwe kwa mkia wa kamba yenyewe. Nunua kipande cha pembeni, milimita 8 hadi 10, cha polista au chenye ganda la aramidi, aina ya nyuzi ambayo haiyeyuki. Kikiungua na kung'aa kama kimepakwa vanishi, unatupa kipande kifupi na kamba ya mita 45 inabaki. Fundo la Blake, la mizunguko minne, mkia wake ukipita chini ya miwili ya mwanzo, linatosha kuanzia. Mkia nao ufungwe fundo la kuzuia. Nunua vipande viwili kwa pamoja.

Dukani

Kamba ya EN 1891 ina utepe mwembamba ndani ya kiini, wenye jina la mtengenezaji, namba ya kiwango na mwaka. Mwombe muuzaji akuonyeshe ncha. Hakuna utepe, hakuna biashara, hata akiapa. Kwa zile za nyuzi 16 na 24, dai karatasi ya mtengenezaji yenye namba ya toleo. Kamba ya mtumba usinunue kwa bei yoyote; hujui ililala kwenye buti la gari pamoja na asidi ya betri au la.

Ukishainunua, ipitishe yote kati ya vidole kila asubuhi kabla ya kupanda. Unatafuta sehemu iliyolainika ghafla, iliyobonyea, iliyokakamaa, au yenye nyuzi zilizokatika. Utomvu wa mfenesi ni adui wa fundo, kwa hiyo osha kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, kisha anika kivulini, kamwe si juu ya bati. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10 hata kama haijatumika. Kwa anayepanda kila siku, itakwisha mapema sana kabla ya hapo. Ikistaafu, ipake rangi ncha zote mbili na uikate vipande vya mita 8, ili kijana wa kazi asije akaichukua kimakosa akapanda nayo.