Harpers Ferry: usiishie kwenye ngome, panda mpaka juu

Harpers Ferry, West Virginia, ni mji wenye wakazi wasiofika 300. Wageni wengi hushuka basi, wakapiga picha pale mto Potomac unapokutana na mto Shenandoah, wakala aiskrimu, haooo. Wanaacha nusu ya utamu.

Gari liache kwenye kituo cha wageni, basi la hifadhi ya taifa litakushusha mjini. Maegesho ya kule chini usiyategemee, hujaa mapema.

Kinachovuta watu ni "ngome" ya John Brown, mzungu aliyepinga utumwa kwa silaha, ambayo kusema kweli ni kijengo cha matofali kilichokuwa kikitunza pampu za zimamoto. Oktoba 1859 Brown na wenzake 21, watano kati yao weusi, walivamia ghala la silaha la serikali wakitaka kuwakomboa watumwa. Wakabanwa humu mpaka wanajeshi wa serikali walio chini ya Robert E. Lee, yule aliyekuja kuwa jenerali wa Kusini, walipovunja mlango. Brown alinyongwa Desemba 2 mwaka huohuo. Ndani ni patupu, dakika mbili umemaliza. Kisa cha jengo lenyewe ndicho kilichonikalisha: lilibomolewa likapelekwa maonyesho ya Chicago mwaka 1893, likarudishwa likasimamishwa shambani, 1909 likahamia Chuo cha Storer huko juu, na 1968 likaletwa hapa. Hata hivyo si palepale pa mwanzo, maana pale pamefukiwa na tuta la reli.

Karibu na hapo pana jiwe la Heyward Shepherd, mtu mweusi huru aliyekuwa akibeba mizigo stesheni. Ndiye wa kwanza kuuawa, tena na watu wa Brown. Mwaka 1931 vyama vya kuenzi jeshi la Kusini, lililopigania majimbo ya watumwa, vikamwekea jiwe la kusifu "uaminifu" wa watumwa. Mtu huru! Hifadhi imeliacha jiwe, ikaweka pembeni ubao wenye maoni ya upande wa pili. Soma vyote viwili kabla hujasogea.

Kisha panda ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, upite kanisa la Mtakatifu Petro hadi kwenye mwamba uitwao Jefferson Rock. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais, aliyaona mandhari haya mwaka 1783, akaandika kwamba yanastahili mtu kuvuka Atlantiki kuja kuyatazama. Naye nyumbani kwake amejaza watumwa waliovushwa bahari hiyo kwa nguvu, wao au mababu zao. Ngazi zikilowa zinateleza, kwa hiyo mwenye magoti mabovu ajihadhari.

Juu zaidi ndiko kulikokuwa na Chuo cha Storer, kilichoanzishwa 1867 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, kikafungwa 1955. Mwaka 1906 msomi mweusi W.E.B. Du Bois na wenzake wa Niagara Movement, chama cha kudai haki za weusi, walikutana hapa, wakatembea hadi shambani ilikokuwa ngome, wakavua viatu kwa heshima. Mimi pamenigusa kuliko kule chini, na foleni hakuna.

Chakula cha mjini ni ghali kwa ladha ile; beba chako. Na treni ya wafanyakazi huenda Washington asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo ukitokea Washington kwa matembezi ya siku moja haikufai. Njoo na gari.