AI za kutengeneza picha: niliyoyaona kwenye kazi za dizaini hapa Moshi

Mi nafanya dizaini na kuprinti hapa Moshi mjini, kadi za kipaimara na komunio, send-off, mabango ya mikutano ya injili, lebo za kahawa na asali, ratiba za ibada ya mazishi, yaani zile kazi ambazo mteja anaingia saa nne anataka saa nane iwe tayari. Tangu hizi AI za picha zianze kuwa za maana nazitumia karibu kila siku na watu wananiuliza sana ipi ndo kali, kwa hiyo naandika nilichokiona ili mwenzangu mwenye kazi kama hii asiunguze hela na bando bure. Na jibu naliweka hapa hapa mwanzoni: kwa kazi za huku kwetu usihangaike na ipi inatunga picha kali kutoka kwenye maneno matupu, tafuta ile inayoweza kushika picha uliyopiga mwenyewe na kuirekebisha bila kuiharibu. Tofauti ya hizi programu mi naiona hapo.

Ngoja nieleze kidogo zinavyofanya kazi maana ukishaelewa hili mambo mengine yote yanajieleza. Nyingi zimejengwa kwa njia inaitwa difyusheni. Wanakusanya picha kutoka intaneti pamoja na maelezo yake, kwa mfano mkusanyiko wa LAION-5B una picha zaidi ya bilioni 5 na AI ya picha inayoitwa Stable Diffusion iliyotoka Agosti 2022 ilifundishwa kwa sehemu ya mkusanyiko huo, alafu kila picha inamwagiwa chenga kidogo kidogo, zile chenga za TV antena ikigoma, mpaka haionekani kitu, na kompyuta inafundishwa kuziondoa. Ikishaiva kwenye hilo unaipa chenga tupu pamoja na maneno yako, yenyewe inasafisha hatua kwa hatua ikielekea kwenye ulichoandika mpaka picha inatokea. Wateja wengi wanadhani inaenda kuchukua picha ya mtu mahali inaikatakata na kubandika, sivyo. Inatoa kile ambacho imekiona mara nyingi kwenye mafunzo, na hilo la mara nyingi ndo linatuumiza sisi, maana picha za vitu vyetu kule ni chache alafu nyingi zimepigwa na wageni.

Chukua mlima. Andika tu "Mlima Kilimanjaro na shamba la kahawa" kwenye programu yoyote kati ya nyingi nilizojaribu, utaletewa tambarare, mgunga mmoja, tembo, na mlima kwa nyuma umekaa kama meza. Hiyo ni picha ya Amboseli, Kenya, upande wa kaskazini, watalii wamepiga kutokea kule miaka na miaka. Sisi wa Moshi tuko kusini, tukiangalia juu tunaona kilele cha Kibo kimechomoza juu ya migomba na miti na kile cha Mawenzi kiko mkono wa kulia, ukiwa Amboseli ndo Mawenzi inakuwa kushoto. Nilikuwa natengeneza lebo ya kahawa ya mzee mmoja wa Kibosho, nikamwonyesha kwenye skrini sampuli za mwanzo ilizotunga AI, akaangalia akaniambia "kijana, huu mlima mmeugeuza, na hawa tembo wanatafuta nini kwenye kahawa yangu?" Na yuko sahihi kabisa, mtu kazaliwa anauona ule mlima kila asubuhi huwezi kumuuzia upande wa pili.

Sasa tulichofanya, nikaamka mapema kabla wingu halijafunika, nikapiga picha kwa simu kutokea upande wa kwake kule juu, ilikuwa na nguzo ya umeme na waya zimepita katikati ya Kibo. Nikaiweka Gemini, ile AI ya Google, nikaandika kwa Kiswahili cha kawaida tu: ondoa nguzo na waya zote, mlima usiuguse, chini kushoto weka matawi ya kahawa yenye matunda mekundu yaliyoiva, mwanga uwe wa asubuhi. Ikafanya. Waya zimetoka, theluji pale juu iko vile vile, umbo la Kibo halijayumba, matawi yamekaa na kivuli chake kinafuata upande wa jua. Mzee alivyoona akacheka akasema hapa ndo kwetu. Hii ndo ile modeli Google waliitoa Agosti 2025, watu wanaiita Nano Banana, na Novemba 2025 wakaleta ya Pro ambayo ina nguvu zaidi kwenye maandishi na inatoa picha kubwa mpaka 4K. Mi kwa kurekebisha picha iliyopo naiweka namba moja bila wasiwasi.

ChatGPT naipa namba mbili ila kuna kazi nyingine inaongoza. Ile ya picha waliyoiingiza Machi 2025 haitumii njia ile ya chenga niliyoeleza, yenyewe inajenga picha kipande baada ya kipande karibu na vile inavyoandika maneno, na ipo ndani ya modeli ile ile inayoongea na wewe, ndo maana ukiipa maelekezo marefu yenye vitu vingi inavishika. Nikitaka bango la mkutano lenye jukwaa, kwaya wamevaa kitenge cha aina moja, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, jua la saa kumi, inapanga vyote mahali pake. Na hizi mbili, ChatGPT na Gemini, unaongea nazo Kiswahili kabisa. Za zamani kama Stable Diffusion ya kwanza sehemu inayosoma maneno ilifundishwa zaidi kwa Kiingereza, ukiandika "kata ya mbege" inabahatisha. Hata hizi mpya usitaje jina tu, eleza kitu chenyewe kilivyo, kibuyu kilichokatwa kikawa na mkia mrefu wa kushikia, pombe ya rangi ya udongo ina povu na ulezi juu, hapo ndo unapata kata.

Sasa niongelee picha za marehemu maana hili nalijali kuliko yote. Familia inakuja na picha moja tu ya bibi, ya zamani, imekunjwa katikati, imefifia, wanataka ya kuweka mbele ya ratiba ya ibada. Kuna programu moja niliipa picha ya namna hiyo nikaomba iondoe mkunjo na kurudisha rangi, ikarudisha bibi mzuri sana, ngozi nyororo, meno yamenyooka, na sio yeye. Binti yake alikaa anaiangalia alafu akasema taratibu "kaka, mama alikuwa na kovu hapa kwenye shavu". Mtu amefiwa, anataka kumwona mama yake alivyokuwa, wewe unampa mama wa mtu mwingine, haifai. Sababu inatokana na vile hizi kitu zinavyofanya kazi, hazifuti mkunjo kama unavyofuta wewe na brashi, nyingi zinaichora picha nzima upya kwa jinsi zilivyoielewa, na uso zisiouelewa vizuri zinajazia uso wa wastani. Dawa yake ni kutoipa picha nzima. Unachagua eneo dogo tu lenye mkunjo ndo unaliachia AI, Photoshop ina hiyo na Stable Diffusion nayo inayo, nje ya eneo ulilochagua hakiguswi kitu. Mkunjo ukipita juu ya jicho au mdomo mi nauacha, nairudisha rangi kwa mkono na mkunjo unabaki unaonekana kidogo, na hakuna familia iliyowahi kulalamika kwa hilo.

Midjourney ni habari nyingine. Kwa uzuri wa macho, mwanga, rangi, vile kitambaa kinavyodondoka, bado naiona iko juu, na imekuwa hivyo tangu ilivyofunguliwa kwa watu 2022 kule Discord, app ya kuchati, ulikuwa unaagiza picha kwa kuchati mle. Sasa hivi ina tovuti yake haina usumbufu ule. Kifurushi cha chini ni dola 10 kwa mwezi, hapa kwetu inacheza kwenye elfu 25 hivi, nalipia kwa kadi ya Visa ya mtandaoni unayotengeneza kwenye simu. Mi naitumia kwa mandhari tu, maua ya kadi ya send-off, mapambo ya dhahabu, karatasi yenye mikunjo ya hariri. Kwa mandhari inalipa hela yake, ila kama una kazi chache kwa mwezi usijifunge, anza na za bure.

Flux nayo ni nzuri, imetengenezwa na Black Forest Labs ya Ujerumani, baadhi yao ndo wale wale walioanzisha Stable Diffusion, ikatoka Agosti 2024 na moja ya modeli zake unaipakua bure kabisa, tatizo ni kwamba inataka kompyuta yenye kadi ya grafiki ya nguvu, na hiyo ni mtaji. Ideogram ya Kanada ilianza kusifiwa kwa maandishi tangu 2023 wakati wengine bado wanaandika herufi za ajabu, kwa wazo la haraka la nembo iko poa.

Kuna ombi linakuja kila wiki na nalikataa: kadi ya birthday ya mtoto yenye katuni maarufu. AI inaweza kuichora vizuri tu, lakini ile katuni ina mwenyewe. Disney na Universal walimshtaki Midjourney mahakamani Marekani Juni 2025 kwa jambo hilo hilo. Mtoto anapenda simba, mchoree simba wako mwenye kofia ya birthday, atafurahi vile vile. Kwa wanaoogopa mambo ya hakimiliki Adobe Firefly ilijengwa kwa picha za Adobe Stock, ile stoo ya picha ya Adobe, zilizolipiwa leseni na zile ambazo hakimiliki yake imeisha, kampuni kubwa zinazokuja kuchapa kalenda zinaiulizia hiyo.

Mwisho ni kuprinti, na hapa wengi wanakwama. Picha nyingi za hizi programu kwa kawaida zinatoka na pikseli, zile nukta zinazojenga picha, kama 1024 kwa upande, ukiprinti kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi unapata sentimita 8 na kitu tu, inatosha kadi ndogo ya biashara, haitoshi A5 ambayo inataka 1748 kwa 2480. Kwenye simu itaonekana kali, kwenye karatasi itakuwa na ukungu. Ama utumie zinazotoa kubwa kama ile Pro ya Google ama upitishe kwenye programu ya kukuza picha kabla ya kuipeleka mashine. Na maandishi usiyaache kwa AI hata kama yametoka sawa, jina la mtoto wa kipaimara, tarehe, usharika, namba za simu za kamati, andika mwenyewe kwenye programu yako ya dizaini juu ya picha. Herufi zinatoka zimekatika safi, na mama mtoto akipiga simu usiku kwamba ibada imesogezwa saa tatu, unabadilisha saa peke yake, picha inabaki ile ile aliyoikubali.